Kibaraza cha Fundi na Nguo za Kafa Ulaya

Mimi ni Mnyakyusa wa Masukulu, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Nimezaliwa migombani, nimesoma mpaka darasa la nne, na nimeolewa na mgeni. Naanza na hilo la mgeni ili asije mtu akasema bibi huyu anawateta watu asiowajua. Wageni wa Tukuyu ninawajua. Mmoja nimelala naye kitanda kimoja mpaka alipokufa, na mwingine nimempa chakula mlangoni kwangu alipokuwa hana hata kandambili.

Kwetu mtu aliyetoka nje tunamwita umuhesya, awe tajiri awe fukara, awe amefika jana au babu yake amezikwa hapa. Mume wangu alizaliwa Tukuyu, na baba yake alizaliwa Tukuyu, lakini mama yangu mzazi mpaka anaingia kaburini alikuwa bado anamwita mkwe wake umuhesya. Aliyetoka pwani ni babu yao. Alikuja na Wajerumani akiwashonea askari suruali, na Wajerumani walipofukuzwa yeye akabaki na mkasi wake. Kwenye mkasi ule wakatoka mafundi watupu, washona nguo, wafuma kofia, mmoja fundi wa saa. Wakajenga kuuzunguka msikiti, wakaoa kwetu, wakatuzika, tukawazika.

Wageni wa pili walishuka kutoka juu, milimani Ukinga. Nilipokuwa msichana niliwaona mmoja mmoja, wakipita na mizigo kichwani. Walianza kujaa wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaachiwa auze anachoweza.

Leo watu husema waliokuja mwisho walikuwa na akili na waliokuja kwanza walikuwa wavivu. Nimeyasikia hayo sokoni, nimeyasikia msibani, na mjukuu wangu mwenyewe, msomi wangu ninayejivunia mbele ya kila mtu, ameyasema akiwa amekaa kwenye kiti changu. Nilimwambia afunge mdomo anywe chai. Babu yake hakuwa mvivu. Mimi nilikaa katikati ya wageni hao wawili, kwenye kibaraza kimoja, nikaona nani alifanya nini.

Kibaraza chenyewe kilikuwa cha duka la Mwarabu mmoja mzee, kwenye barabara inayopanda kwenda bomani. Duka lilikuwa lake, kibaraza kilikuwa chetu. Karatasi haikuwepo. Baba mkwe wangu alikaa pale na cherehani yake, akamwachia mume wangu, na kodi ilikuwa kumshonea Mwarabu kanzu ya Idi na kuwafukuza mbuzi wasiingie dukani. Cherehani ilikuwa ya miguu, nyeusi, imechorwa maua ya rangi ya dhahabu, na pale mkono wa fundi ulipozoea kupita maua yalikuwa yameliwa yote.

Niliingia nyumba ile na tabia zangu za Masukulu. Sisi tulifundwa kwamba mwanamke hakutani macho na baba mkwe wake. Basi nikisikia mzee anakohoa najifunika kanga kichwani nakimbilia nyuma ya jiko. Nikimwona njiani naingia kwenye migomba ya watu. Mzee wa watu akaumia. Akamwita mwanawe, nami nasikia kila neno: "Huyu mkeo ana kichaa, au mimi ninanuka?" Kwao mkwe humwamkia mzee shikamoo asubuhi na kumtengea chai. Wifi zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikajifunza. Nikajua kupika pilau, nikajua kufunga kanga kipwani, nikajua kusema "jamani" kwa kuivuta, na pwani yenyewe mpaka leo sijaiona.

Miaka ya shida, kabla ya ruksa, fundi alikuwa mtu mkubwa. Kitambaa kipya kilikuwa kinakuja kama mgeni wa heshima, watu wanapanga foleni tangu kuku hawajashuka. Shati moja lilitakiwa limvushe mtu miaka. Likichakaa shingoni, mume wangu alifumua kola taratibu kwa wembe, akaigeuza upande wa ndani ukawa wa nje, akaishona tena. Kabla ya kushona alilowanisha kidole akasugua matundu ya uzi wa zamani kwa ukucha, mpaka nyuzi za kitambaa zikarudiana. Mimi ndiye nilikuwa namsaidia kusugua. Mkulima kutoka kijiji cha Kinyala aliingia na shati bovu, akatoka na shati ambalo mkewe alifikiri amelinunua. Walituletea ndizi, maparachichi, maziwa ya mgando. Hatukulala njaa.

Kazi yake nyingine haikuwa na ujira. Ilikuwa sanda. Jora la bafta nyeupe la msikiti lilitunzwa kwetu, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Akifa Mwislamu, mzee wa msikiti anatuma mtu, mume wangu anakata. Sanda haipiti kwenye cherehani, hukatwa tu na kufungwa kwa vitambaa. Alikuwa na mkasi wa kazi hiyo peke yake. Siku moja niliuchukua nikakatia kamba ya kuku, hakuniongelesha mpaka kesho yake.

Ndivyo watu wa pwani walivyokuwa wanaishi. Kwa ufundi, kwa heshima, na kwa shughuli. Maulidi lazima, harusi lazima ivume, hitima lazima watu wale. Mwenye nacho analisha, asiye nacho anakopa alishe. Baba mkwe alipokufa, nyumba yake kubwa iligawanywa kama dini inavyotaka, kila mtoto na fungu lake. Haki ilitendeka, nisiseme uongo. Ila warithi walikuwa wengi kuliko vyumba, na sisi tukaangukia chumba kimoja cha uani na kipande cha ukumbi. Kila fundi alikuwa na cherehani yake, mlango wake na ugomvi wake. Hawakuwahi kununua kitu kwa pamoja isipokuwa mbuzi wa Idi.

Mkinga wetu alifika asubuhi ya ukungu. Namwita Mkinga wetu kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunamwita. Alikuwa kijana, mfupi, miguu imepasuka. Akatandika gunia chini, mbele kabisa ya kibaraza, akapanga sindano, nyuzi, nyembe, viberiti na chumvi.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene ndiyo nini?" mume wangu akamjibu. "Uko mjini hapa, sema shikamoo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniuzia sindano au kunizibia njia?"

"Vyote, mzee."

Mume wangu alicheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga. Basi, kijana akabaki. Mvua ikinyesha, na mvua ya Tukuyu haina haya, alivuta gunia lake akaliingiza chini ya kibaraza chetu. Hakuna aliyemfukuza. Mchana alitoa viazi baridi mfukoni akachovya chumvi. Mimi nikawa namwekea mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na maharage juu. Alikula amesimama, kana kwamba mtu atamnyang'anya.

"Ndaga fijo, juba," alinishukuru, maana Kinyakyusa alikijua upesi kuliko wakwe zangu waliozaliwa hapa.

Niliwaangalia watu wake. Walilala wengi chumba kimoja, stoo ya ndugu yao aliyetangulia, wamepangana kama magunia. Walikuwa na koti moja. Anayekwenda Mbeya kufuata mzigo ndiye anayelivaa, anayebaki anatetemeka. Mmoja akiuza, mwingine yuko njiani, wa tatu analinda, na faida hailiwi. Ikitosha, wanamwita mdogo wao mwingine ashuke. Wake zao walibaki milimani wanalima viazi, wakiwaona waume Krismasi, wengine wala hiyo Krismasi hawakuwaona. Siku ya Idi nilimpelekea Mkinga wetu sahani ya pilau iliyojaa. Akaifunika na karatasi, akaenda kuila na wenzake wote. Kila mmoja alipata tonge. Sisi upande wetu tulishiba mpaka tukavimbiwa, na kesho yake hapakuwa na sukari.

Mimi kama Mnyakyusa niliona pande zote mbili zina wazimu wao. Hawa wanatapanya kwa ajili ya watu, hawa wanajinyima mpaka watoto wao hawawajui kwa sura. Lakini wakati wa ruksa ulikuwa upande wa wenye koti moja.

Halafu yakaja mabelo.

Belo la kwanza lilishushwa kutoka kwenye lori, limekazwa kwa mikanda ya bati. Mkinga wetu na kaka yake walilikata pale pale chini. Likapasuka kama tumbo. Makoti, suruali, magauni, sidiria, vyote vimekunjamana, vinanuka dawa. Watu walisogea, wakasimama mbali kidogo. Mtu mzima na akili zake, ana koti la sufu halina hata tundu moja, alitupe? Haikuingia akilini. Kwa hiyo tukasema mwenyewe amekufa. Kafa ulaya. Ndilo likawa jina la nguo zile nchi nzima, ninavyosikia. Masukulu walizichemsha kwanza na majani ya mkaratusi kwenye masufuria ya kupikia, ndipo Jumapili wakazivaa kanisani, kanisa zima likanuka kama dawa ya kifua.

Wengi walisema kafa ulaya kwa utani. Mume wangu aliamini.

Aliamini kabisa, na alikuwa na hoja zake. "Mtu akifa, nguo zake ni mali ya warithi," alisema. "Hata soksi. Hao warithi wako wapi? Nani kagawa? Kama hakuna aliyegawa, basi kavuliwa. Maiti kavuliwa nguo, mnavaa." Yeye alikuwa mtu wa kuvisha maiti. Kumvua maiti ilikuwa jambo ambalo hata kulitamka alitema mate.

Akaanza kuwatania wateja. Mwalimu mmoja alipita amevaa koti jipya la mtumba, mikono imefika kwenye kucha. Mume wangu akasimama kabisa.

"Shikamoo, marehemu!"

"Fundi, tafadhali."

"Marehemu alikuwa mnene, mwalimu. Wewe umo humo ndani unatafuta mlango."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mwalimu naye hakuwa bubu. "Marehemu huyu ananipa joto, fundi," akasema. "Wewe koti lako la mwisho ulinishonea lini?"

Kicheko kikageukia upande wetu. Mume wangu akakaa, akatia uzi kwenye sindano.

Siku chache baadaye Mkinga wetu alikuja na suruali begani, kubwa, mngeweza kuingia wawili. Akachuchumaa karibu na cherehani, kwa adabu, kama mtoto.

"Mzee, wale wenzetu wa Ulaya ni majitu. Watu wa hapa wanazipenda, zinawapwaya. Nipunguzie. Kila suruali itakayotoka kwangu ipite kwako kwanza. Tutakula wote."

"Nina mkasi wa walio hai," mume wangu akasema, "na nina mkasi wa waliokufa. Hiyo yako niikate na upi?"

"Mzee, ni nguo tu."

"Hata sanda ni nguo tu."

Mkinga akaniangalia mimi. Nami nikamgeukia mume wangu. "Baba watoto, watoto watakula nini? Ubishi?"

"Watakula riziki yao."

Hapo ndipo palipokatika. Sikuona hivyo siku ile, nilifikiri ni hasira za asubuhi. Lakini Mkinga alipoondoka pale na suruali yake begani, alikwenda kwa kijana mmoja fundi, mtoto wa shemeji yangu, akampa. Kijana yule hakuwahi kugeuza kola maishani mwake. Alijua mshono mmoja, wa kwenda na kurudi. Ndiye aliyekuja kujenga nyumba.

Wateja wetu waliisha kama maji kwenye ndoo inayovuja. Nani ageuze kola wakati shati zima la kafa ulaya ni bei ya mkungu mdogo wa ndizi? Wakulima wa Mpuguso waliokuwa wanatuletea maziwa wakawa wanapita wamevaa jaketi zenye maandishi, wanamsalimia fundi kwa mbali wakiona aibu. Hata sare za shule watu walizichambua kwenye mabelo. Duka la Mwarabu lenyewe, majora yalikuwa yanashika vumbi rafuni mpaka yakabadilika rangi kwenye mikunjo.

Nisiseme Wakinga walipata bure. Lori lililobeba mabelo kutoka Mbeya liliacha barabara kwenye mteremko siku ya mvua, na kaka yake Mkinga wetu alikuwa amekaa juu ya mzigo. Amevaa lile koti. Walimtoa chini ya mabelo. Mume wangu alisikia, akafunga cherehani, akaenda. Alipima jeneza kwa futi yake, akachukua kitambaa cheupe alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya kanzu yake mwenyewe, akashona kitandiko cha ndani cha jeneza na mto mdogo wa kichwa, na marinda pembeni. Mkinga wetu alisimama anatazama mikono yake. Hakulia mbele ya watu. Wakampandisha ndugu yao milimani wakamzika, na kabla msiba haujapoa duka walilokuwa wamekodi lilikuwa limefunguliwa. Watu wa msikitini walisema hao hawana moyo. Mimi nilimwona nyuma ya duka, ameegemea belo, anatapika.

Mwarabu alizeeka. Watoto wake walikuwa wameshahama, wakamwita awafuate. Akauza jengo. Aliyenunua unamjua. Alinunua yeye na ndugu zake kwa pamoja, kama walivyokuwa wanafanya kila kitu kwa pamoja.

Alitujia jioni, tunafunga kazi. Kazi gani, tunafunga tu. Safari hii hakuchuchumaa, lakini hakukaa pia.

"Mzee, wenzangu wanataka kukiziba kibaraza kwa mbao, tuweke mzigo. Mimi nimewaambia fundi abaki. Hapa ni pake kabla yetu."

"Ahsante."

"Ila mzee, huwezi kukaa mlangoni kwetu ukawaita wateja wetu marehemu. Punguza nguo. Kama hutaki kupunguza, basi nyamaza tu. Nyamaza, kaa, shona zako."

Nilimwomba Mungu wangu wa zamani na wa sasa, wote wawili, huyu mwanamume anyamaze. Kunyamaza tu. Mume wangu akakunja futi yake vizuri, akaitia mfukoni.

"Baba yangu alikaa hapa anasema anachokiona," akasema. "Mimi nikikaa bubu, hapa siyo pake tena."

Kesho yake tuliibeba cherehani, mimi upande mmoja na yeye upande mwingine, tukashuka nayo barabarani watu wakitutazama. Mkinga wetu alitoka akataka kupokea. Mume wangu alimwambia, "Usiiguse," na kijana yule, siyo kijana tena, akarudi ndani. Mbao zikapigiliwa.

Fundi wa kibarazani akiingia chumba cha uani, amekufa nusu. Nani atapita uani kwa watu atafute fundi? Cherehani ikakaa karibu na kitanda, nikawa naanikia nguo juu yake. Mimi nilirudi Masukulu kwa kaka zangu, nikiwa na meno yangu yote na heshima yangu yote, nikaomba migomba. Wakanipa mstari mmoja, wakanikumbusha kwamba walinikataza kuolewa na umuhesya. Nikachuma chai za watu kwa kikapu mgongoni, vidole vikawa vyeusi. Nililisha nyumba. Sikumpigia mtu magoti zaidi ya kaka zangu hao.

Na kuuzunguka msikiti, jamaa zetu waliuza vyumba kimoja kimoja. Fungu la huyu, fungu la yule. Wanunuzi walikuwa wale wale, kwa sababu ndio waliokuwa na uwezo wa kununua. Wengine wakaenda Mbeya, wengine Dar, wanaandika mara moja halafu kimya. Siku za Ijumaa safu za watu msikitini zilipungua mpaka ukaonekana mkeka. Wake wa Wakinga ndipo walipoanza kushuka kutoka milimani, na watoto, na vitanda vya chuma. Wanawake wale walikuwa wamezeeka kabla ya waume zao. Mmoja aliniambia mumewe alipomwona alimwamkia shikamoo, alifikiri ni mama mkwe. Tulicheka, halafu hatukucheka.

Kipupwe cha mwaka ule kilimshika mume wangu kifuani. Tukuyu ikiamua kuwa na baridi, ukuta unatoa jasho. Alikohoa, akaisha mwili, shingo ikabaki kama ya kuku. Mkinga wetu alimtuma binti yake na koti zito la sufu, limekunjwa vizuri. Mume wangu alilitazama likiwa mikononi mwangu.

"Rudisha."

"Unatetemeka."

"Rudisha. Hicho kitu kisiniguse, nikiwa hai wala nikiwa nimekufa. Umenisikia?"

Nilimsikia. Wifi yangu mkubwa, aliyekuwa mlangoni, naye alisikia. Nililirudisha koti, nikamlalia mgongoni kumpa joto langu, na kanga zangu zote juu.

Katikati ya ugonjwa ule ikaja kazi ya sanda. Alikufa kibarua mmoja wa kuchuma chai, Mwislamu aliyetoka mbali, hana ndugu. Nikatoa jora la msikiti kwenye sanduku. Lilikuwa limebaki la mtu mmoja. Nani angelijaza? Msikiti haukuwa na kitu. Nikamwambia mume wangu, kwa sauti ya chini, amkatie yule vipande vifupi, abakize kidogo. Aliinuka kitandani akikohoa, akashika mkasi wake, akakata vipande vitatu, kamili, virefu, kama alivyokuwa anawakatia matajiri. Sanduku likabaki na harufu ya karafuu.

Mume wangu alikufa alfajiri, kabla ya adhana. Alikuwa ameshika kona ya kanga yangu, anaipapasa pindo, sijui alikuwa anaikagua.

Mzee wa msikiti akatuma mtu kwetu kuchukua sanda, kwa mazoea. Yule mtu alifika mlangoni akakumbuka, akasimama pale mdomo wazi. Tukatuma vijana madukani. Tukuyu nzima haikuwa na bafta. Duka la Mwarabu lilikuwa la mabelo, na yaliyofuata yalikuwa ya mabelo, na lililokuwa linauza majora lilikuwa linauza ndoo za plastiki. Gari la Mbeya la asubuhi lilikuwa limeondoka, la kurudi ni jioni. Mzee wa msikiti akasema maiti hasubirishwi kwa sababu ya kitambaa.

Ndipo Mkinga wetu akaingia uani, kofia mkononi, kifurushi cha gazeti kwapani. Nyuma yake ukumbi ulikuwa umejaa shemeji zangu.

"Pole, mama," akasema. "Nimechambua kila belo lililoko dukani. Haya ndiyo meupe kuliko yote. Mke wangu ameyafua yamekauka kwa pasi."

Yalikuwa mashuka mawili, makubwa, mazito, meupe kweli kweli. Mzee wa msikiti akayashika, akayanusa. Akasema nguo safi ya halali iliyotolewa kwa moyo inatosha, dini haina shida hapo. Wifi yangu mkubwa akapiga kelele.

"Haiwezekani! Kaka yangu alikataza! Wifi, alikukataza wewe kwa mdomo wake!"

Wote wakanigeukia. Mkinga naye alinitazama, na nikaona anajua pia. Alirudishiwa koti, angekosaje kujua.

"Kaka yako alikataza," nikamwambia. "Na kaka yako yuko uchi. Nyumba ya nani hapa ina kitambaa kipya cheupe? Kilete."

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa watoto wa mafundi wote, na hakuna aliyeinuka.

Nikachukua mkasi wa sanda mwenyewe. Wanaume walikuwa wanamwosha, maji yanasikika. Nikatandika shuka la kwanza mkekani, nikalikata kama nilivyomwona akikata. La pili nilipolikunjua nikaona kwenye kona herufi zimeshonwa kwa uzi mwekundu, ndogondogo, kwa mkono. Herufi nilizijua, neno sikulijua. Lilikuwa jina la mtu. Mwanamke fulani alikaa kwenye kiti huko kwao akalitia jina lake, au la mumewe, au la mtoto, ili shuka lisipotee.

Basi alikuwepo mwenyewe. Mume wangu alisema kweli kwa hilo, kulikuwa na mwenyewe, na mimi sikujua kama yu hai au amekufa, na hapakuwa na wa kumwuliza.

Nikachukua wembe. Nikafumua herufi moja moja, taratibu, nisitoboe. Nikamwambia yule mtu, "Ndaga, gwe. Ndaga fijo." Nilimwambia kwa Kinyakyusa, kwa kuwa hata Kiswahili asingekielewa. Nyuzi nyekundu zikabaki mapajani kwangu kama viroboto. Matundu yakabaki kwenye kitambaa, unalisoma jina lile lile bila uzi. Nikalowanisha kidole, nikasugua kwa ukucha, kama alivyonifundisha. Mengine yaliziba. Mengine yalikuwa ya zamani mno, hayakuziba.

Nje walishaanza kuniita, wanasema jua linakwenda. Niliigeuza kona ile, upande wenye matundu ukaingia ndani, kama alivyokuwa anawageuzia watu wa Kinyala kola zao, nikaikandamiza kwa kiganja mpaka ikalala. Halafu nikawapa wanaume wamvishe.